Nyota akiuzwa, vestieri inabaki na nani? Mazembe kabla na baada ya Samatta

Kila mwaka mwezi wa kwanza, dirisha la usajili la Ulaya linapofunguliwa, Lubumbashi inaanza kuishi kwa uvumi. Kamalondo, Kenya, Katuba, ndani ya basi na kwenye meza za baa, swali ni lile lile: safari hii ni nani? Mashabiki wa TP Mazembe wamezoea kumuona mchezaji wao bora akipanda ndege bila kurudi. Na malalamiko yao kila mtu mjini anayajua: « Banamuuzisha, sasa sisi tutabakia na nani? »

Swali hilo linawahusu kwanza watu ambao hawapandi ndege, yaani wachezaji wanaobaki. Keshoyake asubuhi wanaingia vestieri, chumba cha kubadilishia nguo, na kuna nafasi moja iko wazi. Nani atapiga penalti? Nani atasema na kocha kwa niaba ya wengine? Nani anafuata kuondoka?

Makala hii inaangalia upande wao. Inapita katika miaka ambayo Mazembe ilibaki bila mchezaji wake mkubwa, tangu adhabu ya Trésor Mputu mwaka 2010 hadi safari za washambuliaji wa 2019 na 2020, na inalinganisha na yaliyotokea Dar es Salaam na hata kwenye baseball ya Marekani. Mifano hiyo inaonyesha kwamba kuondoka kwa nyota peke yake mara nyingi hakuvunji timu. Kinachovunja ni namna anavyoondoka, na kama wanaobaki walitayarishwa au waliachwa wajisikie wenyewe.

Januari 2016: siku 22

Mbwana Samatta alifika Lubumbashi mwaka 2011 akitoka Simba ya Dar es Salaam. Mazembe ilikuwa imekutana naye uwanjani mwaka huo huo, Simba ilipocheza dhidi ya Kunguru kwenye Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alijiunga na Mazembe mwaka huo huo. Wawili hawa hawakuwa wageni sana mjini: Kiswahili chao kilikuwa tofauti na cha Lubumbashi, lakini hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria sokoni.

Mwaka 2015 ulikuwa wa Samatta. Alifunga mabao 7 kwenye Ligi ya Mabingwa, akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano. Kwenye fainali dhidi ya USM Alger alifunga katika mechi zote mbili. Mazembe ilishinda 2-1 kule Algiers, halafu 2-0 hapa Lubumbashi tarehe 8 Novemba, ikachukua kombe lake la tano la mabingwa baada ya yale ya 1967, 1968, 2009 na 2010. Januari 2016, kule Abuja, Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza barani.

Tarehe 29 Januari 2016 alisaini Genk ya Ubelgiji, siku chache tu kabla dirisha kufungwa.

Sasa hesabu vizuri. Tarehe 20 Februari Mazembe ilikuwa na mechi ya Super Cup ya Afrika dhidi ya Étoile du Sahel ya Tunisia. Kutoka siku ya kusaini hadi siku ya mechi ni siku 22. Na Samatta hakuwa peke yake: kocha Patrice Carteron, aliyeshinda naye kombe, alikuwa ameondoka pia, na nafasi yake ilishikwa na Mfaransa mwenzake Hubert Velud. Kwa hiyo vestieri ilipoteza mfungaji wake na mwalimu wake karibu kwa wakati mmoja.

Na Desemba ilikuwa imeacha kidonda. Kwenye Kombe la Dunia la Vilabu kule Japani, Mazembe ilifungwa 3-0 na Sanfrecce Hiroshima, halafu 2-1 na Club América ya Mexico. Wachezaji walirudi nyumbani na kombe la Afrika kabatini, lakini vichwa chini.

Vestieri inapoteza nini hasa?

Mashabiki wanahesabu mabao. Ndani ya timu, hesabu ina mambo mengi zaidi.

La kwanza ni kazi za uwanjani. Nyota anabeba kazi ambazo wengine walikuwa hawazifikirii: penalti, mipira ya mwisho, kuvuta mabeki wawili ili mwenzake abaki huru. Akiondoka, yule aliyekuwa anafunga kwa sababu nyota anakabwa na watu wawili anajikuta yeye ndiye anakabwa. Hapo mchezaji mzuri anaweza kuonekana ameshuka, kumbe uwezo wake ni ule ule. Mzigo wake ndio umebadilika.

La pili ni ngazi ya heshima. Kila vestieri ina wakubwa wake, hata kama kitambaa cha unahodha kiko kwa mtu mwingine. Kuna yule anayenyamazisha kelele, yule anayempelekea kiongozi malalamiko ya posho, yule ambaye kijana wa miaka 18 anamuogopa na kumpenda. Kama nyota alikuwa mtu huyo, kuondoka kwake kunafungua kiti. Wawili wakikigombea, kocha ana shida. Kisipokaliwa na mtu, shida ni kubwa zaidi.

La tatu ni urafiki. Timu ya Mazembe ya 2015 ilikuwa na Wakongo, Watanzania, Wazambia kama Rainford Kalaba, Waghana kama Solomon Asante na Daniel Adjei, Waivory Coast kama Roger Assalé. Katika kundi la namna hiyo, watu wa nchi moja wanashikana: wanakula pamoja, wanasafiri pamoja, wanapigia nyumbani pamoja. Ulimwengu alibaki Lubumbashi bila mwenzake waliyeanza naye mwaka 2011. Mwisho wa 2016 naye aliondoka mkataba wake ulipomalizika, akaenda Sweden mwaka 2017.

La nne, ambalo viongozi hawapendi kulisema, ni wivu na tumaini vikichanganyika. Mwenzako akienda Ulaya, unafurahi kwa sababu mlango umefunguka: kama yeye amepita, nami naweza. Siku hiyo hiyo unajiuliza: kwa nini si mimi? Kocha mzuri anautumia mlango huo kuwasukuma wengine wafanye kazi. Ikiwa hakuna anayesema nao, kila mmoja anaanza kucheza kwa ajili ya wakala wake badala ya jezi.

La tano ni pesa. Wachezaji wanajua nyota ameuzwa, na mjini kila mtu anataja bei yake, ya kweli au ya uongo. Timu yoyote ambayo imeuza mtu kwa franga nyingi huku primu za mechi zilizopita hazijalipwa, inajitafutia mgomo. Hilo linajulikana katika vilabu vikubwa na vidogo, Kongo na kwingineko.

Nini kilifuata mwaka 2016?

Mechi ya siku 22 ilishindwa au ilishindikana? Mazembe ilishinda. Tarehe 20 Februari, hapa Lubumbashi, Étoile du Sahel ilifungwa 2-1 na mabao yote mawili ya Mazembe yalifungwa na Daniel Adjei, kiungo Mghana ambaye siku za Samatta hakuwa jina la kwanza midomoni mwa watu.

Watu wengi waliona jambo limekwisha. Lakini Aprili ikaleta jibu lingine. Kwenye Ligi ya Mabingwa, Wydad Casablanca iliipiga Mazembe 2-0 kule Morocco, na mechi ya marudiano hapa ikaishia 1-1. Mabingwa watetezi wakatolewa kabla ya makundi. Mechi mbili, bao moja. Hapo ndipo pengo la mfungaji lilionekana wazi: timu ilikuwa na moyo wa kutosha kwa usiku mmoja mkubwa, lakini haikuwa bado imejua namna mpya ya kufunga.

Halafu mwezi wa tano, mwenyekiti Moïse Katumbi, anayeongoza kilabu tangu 1997, aliondoka nchini kutokana na mambo ya siasa, na hakurudi hadi Mei 2019. Ndani ya miezi mitano, basi, vestieri iliona mfungaji, kocha na mwenyekiti wakiwa mbali. Mtu angesema timu hii imekwisha kabisa.

Haikwisha. Waliotolewa kwenye Ligi ya Mabingwa walishuka kwenye Kombe la Shirikisho, na huko wakapata muda ambao Februari haikuwapa. Kwenye makundi waliipiga Yanga nyumbani na ugenini. Fainali ilikuwa dhidi ya MO Béjaïa ya Algeria: 1-1 ugenini, halafu 4-1 Lubumbashi tarehe 6 Novemba 2016. Ubingwa wa Kongo wa msimu huo pia ulikuja Kamalondo. Mabao sasa yalitoka kwa watu mbalimbali: Kalaba, Bolingi, Assalé, Bope. Kazi aliyokuwa akiifanya mtu mmoja ilikuwa imegawanywa.

Na mwanzoni mwa 2017 wawili kati ya hao walipita mlango ule ule: Jonathan Bolingi akaenda Standard Liège, Roger Assalé akaenda Young Boys ya Bern. Mazembe, chini ya kocha Pamphile Mihayo, mtoto wa nyumba aliyewahi kuichezea, ililichukua tena Kombe la Shirikisho mwaka huo, mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini: 2-1 hapa, 0-0 kule.

Tofauti ya 2016 na 2017 iko kwenye maandalizi. Mara ya pili vestieri ilikuwa imeshazoea kwamba watu wanaondoka, na kazi hazikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

2010: mwaka bila Mputu

Wazee wa Kamalondo watasema hayo si mageni, na wana haki. Mwaka 2009 Trésor Mputu alikuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani, na Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika. Mwaka 2010, baada ya vurugu kwenye mechi dhidi ya APR katika Kombe la Kagame kule Rwanda, FIFA ilimfungia miezi 12.

Hakuuzwa, lakini kwa wenzake matokeo yalikuwa yale yale: mtu aliyekuwa moyo wa timu hayupo. Mazembe ikaifunga Espérance ya Tunis 5-0 kwenye fainali ya kwanza Lubumbashi, ikatoka 1-1 kule Tunis, ikabaki bingwa. Desemba, Abu Dhabi, ikaipiga Pachuca 1-0 na bao la Mbenza Bedi, halafu Internacional ya Brazil 2-0 kwa mabao ya Mulota Kabangu na Alain Kaluyituka. Ilikuwa mara ya kwanza kilabu cha Afrika kufika fainali ya dunia. Inter ya Milan ilishinda fainali 3-0, lakini Lubumbashi haijausahau usiku wa Internacional, wala ngoma ya matako ya golikipa Robert Kidiaba.

Adhabu ilikuwa na jambo moja jema kwa kocha Lamine N'Diaye: tarehe. Kila mtu alijua Mputu hatakuwepo, na alijua kwa muda gani. Hakukuwa na uvumi wa kila asubuhi. Wachezaji wanaweza kubeba habari mbaya ambayo ni hakika. Kutojua ndiko kunakowachosha.

Kuuza kwetu na kubadilishana kwa Wamarekani

Mashabiki wanaofuata michezo ya Marekani wanajua kwamba kule mambo yanaenda kwa njia nyingine, na ulinganisho unasaidia kuelewa vestieri ya kwetu.

Katika mpira wa miguu mchezaji hauzwi kama gunia la mahindi, ingawa lugha ya barabarani inasema hivyo. Vilabu viwili vinakubaliana bei, lakini mchezaji mwenyewe lazima akubali na asaini mkataba mpya. Sheria za FIFA zinaruhusu mkataba usiozidi miaka 5, na katika miezi 6 ya mwisho mchezaji anaweza kukubaliana na kilabu kingine bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana kilabu kinachosubiri sana kinaweza kumpoteza nyota bila kupata hata franga moja.

Katika baseball ya Marekani, timu zinabadilishana wachezaji. Mtu analala akiwa wa Boston, anaamka ni wa Chicago, na kwa kawaida haombwi ruhusa. Haki ya kukataa anaipata kwa sheria yule aliyecheza miaka 10 kwenye ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu hiyo hiyo, au yule aliyeiandika ndani ya mkataba wake. Kwa hiyo vestieri ya baseball inaishi na hofu ambayo ya kwetu haina. Lakini ina faraja moja pia: mara nyingi timu inayotoa mtu inapokea mtu siku hiyo hiyo. Kwetu inapokea pesa, na pesa haivai jezi Jumapili.

Boston Red Sox wana mifano miwili inayopingana. Mwisho wa 1919 walimuuza Babe Ruth kwa New York Yankees, kwa pesa. Walikuwa mabingwa mwaka 1918, na baada ya hapo walisubiri miaka 86 kuupata tena ubingwa. Tarehe 31 Julai 2004, katikati ya msimu, wakamtoa Nomar Garciaparra, kipenzi cha mji mzima, wakapokea wachezaji wa kuziba mapengo ya ulinzi, kati yao Orlando Cabrera. Oktoba hiyo hiyo wakawa mabingwa. Mara ya kwanza pengo liliachwa wazi, mara ya pili kila pengo lilikuwa na mtu wake.

Dar es Salaam: Mayele na Feisal

Karibu na kwetu, Yanga ilipitia hali mbili ndani ya mwaka mmoja. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum alitaka kuvunja mkataba wake. Shauri lilienda kwenye shirikisho la mpira la Tanzania, ambalo lilisema bado ni mchezaji wa Yanga, na mvutano ukaendelea kwa miezi hadi Rais Samia Suluhu Hassan akauzungumzia hadharani. Juni 2023 Feisal alihamia Azam.

Wakati huo huo Mkongo Fiston Mayele alikuwa akifunga bila kusimama. Alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la msimu wa 2022-23 na mabao 7, na Yanga ilifika fainali. Baada ya msimu akaenda Pyramids ya Misri.

Yanga ilifanya nini? Ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 2023 ikiwa na mgogoro wa Feisal, na tena mwaka 2024 bila Mayele. Mwaka huo Stephane Aziz Ki, kiungo aliyekuwa tayari ndani ya timu, alikuwa mfungaji bora wa ligi na mabao 21. Hata kuondoka kwa ugomvi hakukuvunja vestieri, kwa sababu kikosi kilikuwa kipana na mrithi alikuwepo tayari.

2019 na 2020: mlango mmoja, watu watatu

Mazembe yenyewe ilipata mtihani mgumu zaidi. Mwaka 2019 ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Espérance kwa bao moja tu. Baada ya hapo mshambuliaji Ben Malango akahamia Raja Casablanca. Meschack Elia naye aliondoka katikati ya mvutano wa mkataba uliofika mbele ya FIFA, na mwaka 2020 akaanza kuichezea Young Boys. Jackson Muleka, kijana aliyekuwa amepanda kuziba mapengo hayo, akasaini Standard Liège mwaka 2020.

Washambuliaji watatu ndani ya muda wa mwaka mmoja na kidogo. Mwanzoni mwa 2020, kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mazembe ilitolewa na Raja, kilabu kile kile alichohamia Malango: 2-0 Casablanca, 1-0 Lubumbashi.

Ubingwa wa nchi uliendelea kuja, mwaka 2019, 2020, 2022 na 2024, na mwaka 2024 timu ya wanaume ilifika tena nusu fainali ya Afrika. Timu ya wanawake ilichukua Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka huo huo. Lakini kwa wanaume, kombe la bara halijarudi tangu 2017. Sababu ni nyingi, ikiwemo nguvu ya pesa ya vilabu vya Kaskazini mwa Afrika na Afrika Kusini. Hata hivyo jambo moja liko wazi: kumuuza mmoja na kumpandisha mwingine kunawezekana, lakini mrithi naye akiuzwa kabla hajamfundisha anayemfuata, mnyororo unakatika.

Maniema, Kivu, Tshopo: vilabu vinavyouza kwanza

Kwa msikilizaji wa Kindu, Bukavu, Goma au Kisangani, Mazembe si muuzaji. Ni mnunuzi. Kilabu cha mkoa kinalea kijana miaka mitatu, anang'aa msimu mmoja, na simu inalia kutoka Lubumbashi au Kinshasa. Vestieri ya kilabu hicho inapitia yale yale yaliyoelezwa hapo juu, lakini bila benchi refu na mara nyingi bila malipo ya maana.

Hapa kuna haki ambayo viongozi wengi wa vilabu vya mitaa hawaitumii. Mchezaji akihamia nchi nyingine kwa pesa kabla mkataba wake haujaisha, FIFA inataka 5% ya bei igawiwe vilabu vyote vilivyomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Misimu ya miaka 12 hadi 15 inalipwa 0.25% kila mmoja. Misimu ya miaka 16 hadi 23 inalipwa 0.5% kila mmoja.

Tuchukue mfano wa kijana anayeuzwa Ulaya kwa dola 1,000,000. Kilabu kilichomlea akiwa na miaka 16, 17 na 18 kina haki ya 1.5%, yaani dola 15,000. Kwa timu ya mtaa hizo ni mipira, jezi, usafiri, na primu za wale waliobaki. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya malipo inayopitisha pesa hizo.

Sharti ni karatasi. Kijana lazima awe ameandikishwa rasmi kila msimu kwenye entente ya mji, kama EUFLU hapa Lubumbashi, na jina lake na tarehe ya kuzaliwa viwe sawa kila mahali. Kijana aliyecheza miaka mitatu bila leseni, kwa FIFA hakucheza. Na yule aliyepunguziwa miaka ili aonekane mdogo anaharibu hesabu ya vilabu vyote vilivyomlea.

Kilabu kifanye nini kabla na baada?

Kutoka kwenye mifano hii, mambo machache yanajirudia.

Wachezaji waambiwe mapema. Hakuna haja ya kutaja bei. Inatosha kocha au mwenyekiti aingie vestieri na kusema: mazungumzo yapo, yanaweza kufika au yasifike, na tarehe ya mwisho ni hii. Wachezaji wakisikia kwenye redio kabla ya kusikia kwa mkubwa wao, imani inapungua.

Kazi zigawanywe kabla. Mpiga penalti wa pili, mtu wa mipira ya kona, msemaji wa wachezaji: wajulikane wakati nyota bado yupo, na wapewe mechi za kujaribu. Aliyeanza kujifunza Februari anachelewa kwa mechi ya Aprili.

Madeni yalipwe kwanza. Pesa ya mauzo ikifika, primu za zamani zitoke kabla ya gari jipya au mchezaji mpya. Hakuna hotuba inayozidi hiyo kwa kutuliza vestieri.

Mrithi asiitwe mrithi. Kijana anayepewa namba ya nyota na kuambiwa « sasa ni wewe » anabeba mizigo miwili. Mazembe ya 2016 haikupata Samatta wa pili, ilipata wafungaji wanne.

Nyota aagwe. Mechi ya mwisho, picha na wenzake, neno mbele ya mashabiki. Ulimwengu alirudi kuichezea Mazembe miaka kadhaa baadaye. Mputu naye alikwenda Angola mwaka 2014, kwenye kilabu cha Kabuscorp, na baadaye akarudi nyumbani. Mlango ukifungwa kwa matusi, hakuna anayerudi, na vijana wanaotazama wanajifunza kwamba njia ya kutoka ni kutoroka.

Samatta mwenyewe alikuwa bingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 2019, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Kila hatua hiyo ilionekana na vijana wanaofanya mazoezi Lubumbashi. Wengi wao wanataka kuondoka kama yeye, na kilabu kinaishi kwa kuwauza. Kazi ya viongozi ni kwa wale ambao Jumapili inayofuata watavaa jezi nyeusi na nyeupe bila yeye.